Waraka Uliogeuka Picha

Nyaraka nyingi zinazotoka katika ofisi za Tanzania siku hizi huzaliwa zikiwa maandishi kamili ndani ya kompyuta, lakini huwafikia wananchi zikiwa picha. Safari yake ni fupi, nayo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeitilia shaka: barua, tangazo la kazi au muhtasari wa kikao huchapwa, hutolewa kwenye karatasi, hutiwa saini, hugongwa muhuri, kisha karatasi hiyo hiyo huwekwa kwenye skana na kurudishwa kompyutani ikiwa faili la PDF, tayari kutumwa kwa WhatsApp au kuwekwa kwenye tovuti. Mwenye macho hapotezi chochote katika mzunguko huo, kwa kuwa jicho lake husoma herufi iliyopigwa picha kama lisomavyo herufi yenyewe. Asiyeona hupoteza waraka wote, kwa sababu muhuri uliokusudiwa kuupa waraka nguvu ndio uliounyamazisha.

Ili jambo hilo lieleweke, yapasa kwanza kufahamu namna asiyeona anavyotumia kompyuta. Programu anayoitegemea huitwa kisoma skrini, nayo huchukua maandishi yaliyofunguliwa na kuyatamka kwa sauti ya kutengenezwa, au huyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu ambacho vipini vyake vidogo hupanda na kushuka chini ya vidole vya msomaji. Kwenye kompyuta za Windows zinajulikana zaidi mbili: JAWS, iliyotoka Marekani na inayouzwa kwa bei ambayo wengi wa Afrika Mashariki hawaimudu, na NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na inayotolewa bure. Simu za Android zina TalkBack, na iPhone zina VoiceOver. Zote hizo haziitazami skrini kama jicho litazamavyo, bali huiuliza programu iliyofungua hati itaje maandishi iliyo nayo. Neno “kijiji” lililochapwa huhifadhiwa kama herufi sita, kila moja na namba yake, na namba hizo ndizo kisoma skrini kinazozigeuza kuwa sauti. Neno hilo hilo likipigwa picha, kinachobaki ni maelfu ya vidoa vyeusi na vyeupe ambavyo kompyuta haivitofautishi na picha ya mti au ya ukuta. Ndiyo maana faili la kurasa 20 laweza kufunguka bila tatizo, kisoma skrini kikataja jina lake na idadi ya kurasa, kisha kikatangaza kwamba ukurasa ni mtupu.

Chukua mfano wa Wilaya ya Same, katika Milima ya Pare, ambako jambo hilo hukutana na jiografia. Mji wenyewe uko chini kwenye tambarare kavu, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, ilhali vijiji vingi viko juu milimani, Mbaga, Suji, Vudee, Chome, Mamba, ambako kushuka mjini na kurudi ni shughuli ya siku nzima pamoja na nauli yake. Maelekezo ya kujiunga na shule au chuo, orodha ya walioitwa kwenye usaili, wito wa mkutano wa chama cha ushirika, majibu ya maombi ya kiwanja, vyote siku hizi hufika kwa simu kabla karatasi yake haijapanda mlima. Kwa mkazi asiyeona, faida kubwa ya simu ilikuwa hiyo hasa, kwamba habari imfikie yeye mwenyewe bila kupita kinywani mwa mtu mwingine. Ikimfikia kama picha, humlazimu amwite mtoto wa jirani amsomee, hata kama barua inahusu ugonjwa wake au deni lake, na hapo siri haipo tena.

Watoto wasioona wa ukanda huo huenda kujifunza kusoma mbali na kwao. Shule ya Msingi Mwereni iko Moshi, yapata kilomita 100 kutoka Same. Irente iko Lushoto, ng'ambo ya bonde la Mkomazi katika Milima ya Usambara. Na Buigiri, iliyotangulia shule nyingine za aina yake nchini, ilianza mwaka 1950 huko Dodoma. Humo hufundishwa nukta nundu, na si kweli kwamba kompyuta imezifanya nukta hizo zipitwe na wakati, kwa maana ndizo zinazompa mtu tahajia, jambo ambalo sikio peke yake halilitoi. Hata hivyo, kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa ya kubebwa kwa mikono miwili, na ni nadra sana barua ya ofisi kuandikwa hivyo. Baada ya shule, basi, msomaji asiyeona huingia katika dunia ya karatasi zilizopigwa picha, na humo ama aishi kwa kusomewa ama apate njia ya kuigeuza picha kuwa maandishi.

Tamaa ya kuifanya karatasi iseme si mpya. Katika miaka ya 1910 Edmund Fournier d'Albe alitengeneza nchini Uingereza chombo kilichoitwa optofoni, ambacho kiliipa kila herufi mlio wake, nao waliokitumia walilazimika kujifunza milio hiyo kama mtu ajifunzavyo lugha ya ndege. Mwaka 1976 Raymond Kurzweil wa Marekani alitangaza mashine iliyounganisha mambo matatu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi yote: skana ya kuupiga picha ukurasa, utambuzi wa herufi za chapa yoyote, na sauti ya kuzisoma. Mashine hiyo ilijaza meza na bei yake ilizidi ya gari. Leo mambo hayo matatu yamo ndani ya simu ya mkononi, na kikwazo kimehama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye lugha na kwenye mazoea ya ofisini.

Hatua ya katikati, yaani utambuzi wa maandishi, ndiyo yenye mambo mengi. Programu hupokea picha ya ukurasa, huinyoosha kama ilikaa upande, hutenganisha wino na karatasi, hutafuta mafungu ya maandishi na mistari iliyomo, kisha husoma kila mstari kwa kulinganisha maumbo inayoyaona na yale iliyofunzwa kwa sampuli nyingi mno. Mojawapo ya programu hizo, Tesseract, ilianzia katika maabara za Hewlett-Packard huko Bristol katika miaka ya 1985 hadi 1994, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na leo hupatikana bure ikiwa na mafunzo ya lugha zaidi ya mia, Kiswahili kikiwamo. Kufunzwa lugha maana yake ni kwamba programu haitazami umbo la herufi peke yake, bali hupima pia kama herufi hiyo inaelekea kufuatana na ile iliyotangulia. Ikifunzwa Kiswahili hujua kwamba baada ya “mw” huja irabu, na ikidhani inasoma Kiingereza haitajua.

Makosa yake yana tabia zake, na Kiswahili kina mitego yake ambayo vitabu vya Kiingereza havina sababu ya kuitaja. Herufi “m” ikichapwa kwa wino hafifu hutengana mguu wa kwanza na miguu miwili inayofuata, programu ikaiona kama “r” na “n” zilizokaribiana, na kwa lugha ambayo majina mengi ya ngeli ya watu huanza kwa “m” katika umoja hasara yake ni kubwa: mwananchi huwa “rnwananchi”, mtendaji huwa “rntendaji”. Herufi “l” na “i” zikishikana huonekana kama “h”, na hizo mbili ndizo zinazobeba wakati uliopita, hivyo “alisema” hugeuka “ahsema” na “walikubali” hugeuka “wahkubah”, muhtasari mzima wa kikao ukaja umemeza yaliyokwisha kutendeka. Kidoa cha juu katika “ng'” nacho hudhaniwa kuwa uchafu wa karatasi na kufutwa, ng'ombe akawa “ngombe”, ambaye msikilizaji atamtambua, lakini “kung'oa” likawa “kungoa”, ambalo litamchelewesha.

Upare, yaani eneo la milima hiyo ya Pare, una mtego wake wa nyongeza, nao ni majina. Koo na jamaa za huko hujulikana kwa majina kama Mmbaga, Mndeme, Mchome, Mbwambo, Msuya na Mshana, na mengi yake yana ndani yake herufi ndogo “m”, ile ile inayovunjika kwa urahisi, tena mahali ambapo kamusi haiwezi kusaidia, kwa kuwa jina la mtu si neno la kamusi. Orodha ya walioitwa kwenye usaili ikipitishwa kwenye programu bila uangalifu, Mmbaga atatokea kama “Mrnbaga” au “Mmhaga”, na mwombaji asiyeona anayetafuta jina lake katika faili, kwa kuliandika kwenye kisanduku cha utafutaji kama kila mtu afanyavyo, ataambiwa kwamba halimo. Neno la kawaida lililokosewa hurekebishwa na maana ya sentensi, ila jina na tarakimu havina sentensi ya kuvirekebisha: ikiwa 3 imesomwa 8 katika tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, au sifuri imesomwa kama herufi “O” katika namba ya akaunti ya kulipia ada, hakuna sikio, hata liwe makini namna gani, litakalogundua kwamba kuna kosa.

Baada ya herufi huja matamshi, na hapo Wilaya ya Same ina bahati mbaya ya pekee. Kila faili la maandishi laweza kubeba ndani yake alama inayotaja lugha yake, na kisoma skrini huitumia alama hiyo kuchagua sauti. Alama isipokuwapo, au ikiwa imeachwa kwenye Kiingereza kama kompyuta nyingi zinavyokuja kutoka dukani, sauti husoma kila kitu kwa kanuni za Kiingereza. Sasa Same ni neno la Kiingereza, na Pare ni neno la Kiingereza. Sauti iliyowekwa vibaya huisoma Wilaya ya Same kama “Wilaya ya Seim” na Milima ya Pare kama “Milima ya Pea”, huku “pole” ikawa “poul”, “wake zao” ikawa “weik zao”, na Chome, kijiji na msitu wake, ikapoteza silabi ya mwisho. Tatizo hilo halina uhusiano wowote na ubora wa skana, kwani hati yaweza kuwa haina hata kosa moja la herufi na bado isisikike. Dawa yake ni kuweka lugha ya hati kuwa Kiswahili, jambo la kubonyeza mara mbili au tatu katika programu ya kuandikia, ingawa waandishi wengi hawajapata kulifanya hata siku moja kwa sababu hawajapata kuisikia hati yao ikisomwa.

Kiswahili chenyewe, ikumbukwe, ni rafiki wa mashine ya kusema. Herufi zake husomwa kama zilivyoandikwa, na mkazo, isipokuwa katika maneno machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kanuni chache zatosha kuipa kompyuta matamshi yanayoeleweka. eSpeak NG, sauti ndogo ya bure inayokuja pamoja na NVDA, ina Kiswahili, nayo haihitaji intaneti. Sauti hiyo ni ya bati, na mgeni akiisikia mara ya kwanza hudhani kifaa kimeharibika. Waliozoea huizidisha kasi mpaka wengine waliomo chumbani wasiambulie neno. Jambo jingine lisilojulikana sana ni kwamba NVDA yaweza kuwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka humo humo, hivyo asiyeona aliyeingia steshenari yoyote ya Same akiwa na flashi yake mfukoni anaweza, mwenye duka akiridhia, kuifanya kompyuta ya pale izungumze bila kusakinisha kitu.

Steshenari ndipo mahali ambapo ubora wa waraka huamuliwa, ingawa wenye kuamua hawajui kwamba wanaamua. Skana huupima ukurasa kwa nukta ngapi zimo katika kila inchi, na kwa utambuzi wa maandishi kipimo kinachofaa ni nukta 300, zikiongezwa hadi 400 kwa maandishi madogo. Lakini mteja huomba faili jepesi ili lipite kwa WhatsApp bila kula bando, na mwenye duka hushusha kipimo hadi 100 au 150, ambapo miguu ya “m” hukaribiana na kuwa doa. Picha ya simu iliyopigwa juu ya kaunta huongeza kivuli cha mkono na mkunjo wa karatasi, na ikitumwa kama picha badala ya kutumwa kama dokumenti hupunguzwa tena njiani. Fotokopi ya fotokopi nayo hukusanya madoa ambayo programu huyasoma kama nukta na mikato. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji mtambo mpya: karatasi ya asili badala ya kopi, kuiweka sawa kwenye kioo, nukta 300, na rangi ya kijivu au rangi kamili badala ya nyeusi na nyeupe tupu.

Suala la rangi lina uzito kwa sababu ya muhuri wenyewe. Wino wa muhuri huwa wa bluu au zambarau, nao hugongwa juu ya saini, na saini huandikwa juu ya jina na cheo cha mtu. Ukurasa ukiskaniwa kwa rangi, programu nzuri inaweza kuichuja bluu na kuyabakiza maandishi meusi yaliyo chini yake. Ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe, vitu vitatu hivyo huungana kuwa doa moja, na kinachotoka ni mchafuko wa herufi mahali pale ambapo msomaji alitaka kujua nani ameandika barua. Kugonga muhuri pembeni ya jina, penye nafasi tupu, kungeondoa tatizo hilo bila gharama yoyote.

Herufi zikishatambuliwa zote sawasawa, bado upo mpangilio. Tuseme chama cha wakulima wa tangawizi wa Mamba Myamba kimetoa tangazo lenye jedwali, safu ya kwanza ikiwa na majina ya vijiji, ya pili siku ya kupokea mzigo, ya tatu bei ya kilo. Jicho hushuka na kuvuka jedwali hilo litakavyo. Programu isiyotambua kwamba ni jedwali yaweza kuvisoma vijiji vyote kwanza, kisha siku zote, kisha bei zote, na msikilizaji akabaki na mafungu matatu yasiyounganika, akijua kwamba kuna bei nane na vijiji vinane lakini asijue ipi ni ya wapi. Kinyume chake hutokea kwa kijarida chenye safu mbili za maandishi, ambapo programu huuvuka mstari wa kushoto moja kwa moja hadi wa kulia na kuchanganya habari mbili katika sentensi moja. Hati iliyoandaliwa vizuri hubeba alama zisizoonekana zinazotaja kwamba hiki ni kichwa cha habari, hili ni jedwali, hii ni picha na maelezo yake ni haya. Kwa alama hizo mtumiaji wa NVDA hubonyeza herufi H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, na herufi T kuruka hadi jedwali, kama mwenye macho apitishavyo jicho ukurasani. Pasipo alama hizo, ripoti ya kurasa 60 ni kamba moja ndefu ambayo lazima isikilizwe kutoka mwanzo.

Kwa asiyeona aliye peke yake na faili lililoskaniwa, NVDA ina njia ya dharura: kwenye Windows 10 na matoleo yaliyofuata, kitufe cha NVDA kikibonyezwa pamoja na herufi R, programu hukitambua kilichomo katika picha iliyo mbele yake na kukisoma hapo hapo. Njia hiyo yafaa kujua kama barua ni ya ada au ya mkutano, ila haihifadhi chochote na haijui majedwali. Kwa kitabu au ripoti yafaa zaidi kulipitisha faili lote kwenye programu ya utambuzi inayoweka tabaka la maandishi nyuma ya picha, ili muhuri uendelee kuonekana na maneno yaweze kusikika na kutafutwa. Tesseract hupokea lugha mbili kwa mpigo, Kiswahili na Kiingereza, na kwa nyaraka za Tanzania, ambazo huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine katikati ya aya, hilo ni la lazima.

Mambo huwa mazito zaidi kwa karatasi za zamani, ambazo Upare unazo nyingi na za thamani. Mnamo Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya mjini Same kupinga kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, vuguvugu lililojulikana kwa jina la Mbiru, na kodi hiyo ikaja kuondolewa mwaka 1947. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1971. Karatasi za utawala wa zama hizo, pamoja na Kitabu cha Wilaya ya Pare ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za ardhi, koo na watawala, ni hazina ambayo mwanafunzi wa historia asiyeona ana haki nayo sawa na mwenzake. Kuziskani ni kuziokoa zisiliwe na mchwa, lakini kwake yeye bado si kuzifungua. Taipu ya zamani huacha “e” na “o” zikiwa zimejaa wino hadi zifanane, nakala ya kaboni ina ukungu, na pembeni mwa ukurasa kuna maandishi ya mkono ya ofisa mwingine aliyeongeza maoni yake kwa haraka.

Nyuma zaidi kuna karatasi za Wajerumani. Mmisionari wa Kiadventista Ernst Kotz alichapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mjini Berlin mwaka 1909, na Jakob Dannholz wa Misheni ya Leipzig, aliyekaa Mbaga, alichapisha mwaka 1916 kitabu juu ya imani za Wapare. Chapa nyingi za Kijerumani za zama hizo zilitumia herufi za Fraktur, zenye pembe na mikia, ambamo “s” ndefu hufanana na “f” kiasi cha kumchanganya hata Mjerumani wa leo, na programu isiyofunzwa Fraktur hutoa upuuzi mtupu. Zipo zilizofunzwa. Kwa maandishi ya mkono kuna Transkribus, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria, ambayo hufundishwa mwandiko wa mtu mmoja kwa kuonyeshwa kurasa kadhaa zilizokwisha kunakiliwa na binadamu, kisha ikajaribu zilizobaki.

Katika miaka ya karibuni zimetokea programu za akili unde zinazosoma picha na kuandika kilichomo, hata mwandiko mbaya, kwa ufasaha unaoshangaza. Ufasaha huo ndio unaotia wasiwasi. Programu ya zamani ikishindwa hutoa “rnwananchi”, na msikilizaji hujua papo hapo kwamba pana kasoro. Programu mpya ikishindwa inaweza kujaza pengo kwa neno zuri la Kiswahili sanifu ambalo halikuwamo, au kuinyoosha sentensi ambayo mwandishi wake aliiacha imepinda, na asiyeona, ambaye hawezi kuulinganisha usomaji huo na karatasi, hana dalili yoyote ya kumwamsha. Kwa kujua barua inahusu nini, programu hizo ni neema. Kwa hati ya kiwanja, hukumu ya mahakama au kipimo cha dawa, kosa linalosikika ni salama kuliko usahihi usioweza kuthibitishwa.

Sheria haikunyamaza. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 21 inadai habari zitolewazo kwa umma ziwafikie watu hao kwa namna wanayoweza kuzitumia, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kuhusu vitabu, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaziruhusu taasisi zilizokubaliwa kutengeneza nakala zinazosomeka na wasioona na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka, bila kwenda kwa mwenye hakimiliki kila mara. Kwa mkataba huo, kitabu cha kiada kilichogeuzwa kuwa maandishi Nairobi au Kampala hakihitaji kugeuzwa upya Moshi, mradi taasisi za pande zote mbili zifahamiane.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yote iliyoelezwa hapa isingehitajika kama faili la kwanza lingetunzwa. Barua iliyochapwa saa nne asubuhi ilikuwa maandishi kamili hadi saa tano, ilipotolewa kwenye karatasi ili itiwe saini. Ofisi inayoipeleka nakala ya saini pamoja na lile faili la awali, au inayoskani ukurasa wa saini peke yake na kuuambatisha mwishoni mwa maandishi yaliyobaki hai, haihitaji Tesseract wala steshenari. Mazoea ya kuifuta nakala ya kompyuta, kwa kuwa “ile yenye muhuri ndiyo halali”, yanaigharimu nchi kazi ya kutambua upya, kwa mashaka, herufi ambazo mtu alikwisha kuzichapa bila mashaka yoyote.

Kuna maandishi ambayo hata yakitunzwa vema hayana sauti ya kuyasoma. NVDA haiji na sauti ya Chasu, lugha ambayo wengine huiita Kipare, na nyimbo za kanisani au masimulizi ya ukoo yaliyoandikwa kwa lugha hiyo husomwa kwa kuazima sauti ya Kiswahili. Irabu hutoka vizuri, konsonanti kadhaa hukosewa, na kupanda na kushuka kwa sauti, ambako katika Chasu hutenganisha maana, hupotea kabisa, kama mgeni wa pwani asomaye kwa sauti barua ya mwenyeji wake. Asiyeona aliyekulia milimani hupunguza kasi ya programu, huurudia mstari, huiamuru itaje herufi moja moja, kisha hulitamka neno mwenyewe kama linavyotamkwa kwao.